Ya Saba, Nyepesi

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Huku tu wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha umri kila ninapoinama kuokota chaki.

Nimekupigia simu mara tano. Mara ya sita akapokea yule fundi viatu wa mlango wa pili, akaniambia kwa furaha kabisa, "Dada yako kasema wewe uandike. Sauti yako haitaki." Haya, naandika. Mtu mzima na mvi zangu, nimekwenda kupanga foleni ya stempu.

Shida yangu ni ndogo. Kitabu changu cha hesabu kwa shule kimekubaliwa. Sura ya mwisho nimeiita "Sarafu za Baba". Unalikumbuka fumbo: sarafu kumi na mbili, moja ni bandia, na hujui kama imezidi uzito au imepungua. Una mizani ya sahani mbili na ruhusa ya kupima mara tatu tu. Useme bandia ni ipi, na useme ni nzito au nyepesi. Mhariri anataka jibu kamili kabla mwezi haujaisha. Jibu ninalo kichwani, bila shaka. Ila ningependa uniandikie ulivyokuwa ukilifanya wewe, tulinganishe. Karatasi ile ya zamani ilipotea nilipohama nyumba.

Mbusu Mama.

Mdogo wako,
Profesa

Halafu, kwa kumbukumbu tu: ile ya saba ilikuwa nyepesi, siyo?


9 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Salamu zimekwisha.

Simu nimeikataa kwa sababu moja. Kwenye simu una ulimi wa asali, na nikishaiweka chini najikuta nimekubali jambo ambalo sikulikubali. Karatasi haina sauti. Naweza kuiweka juu ya meza nikaizunguka.

Na nimeizunguka. "Tulinganishe." Neno hilo nimelisoma nimekaa, nikalisoma nimesimama, nikatoka nalo mpaka barabarani na bisibisi mkononi, nikarudi. Tulinganishe nini na nini? Jibu la sarafu za Baba ni langu. Nililitoa mimi nikiwa na miaka kumi na minne, kwa siku tano, huku napiga msasa mizani za watu. Ada ilikuwa ya mtoto mmoja, na Baba alisema atakayeijua sarafu ndiye atakayeendelea na shule. Ukaja kulia kwenye ngazi ya nyuma, una miaka kumi na miwili, makamasi mpaka kidevuni. Nikakupa karatasi yangu uitazame. Uitazame, nilisema.

Ukaingia kwa Baba wewe kwanza, eti mdogo ndiye huanza. Mimi nikasimama nje ya mlango. Nikasikia sahani zikilia mara tatu, ukasema neno sikulisikia, na Baba akasema, "Sawa." Nilipotaka kuingia na mimi, akaniambia swali limeshajibiwa. Wewe ukaitwa Profesa. Mimi nikabaki na jina langu la karakanani, Mshale, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya Baba na kumwambia mshale wa mizani umesimama wapi. Aproni niliyopewa siku ile ilikuwa ndefu kunizidi. Sasa inanitosha.

Basi sikiliza masharti. Fumbo linaruhusu kupima mara tatu, nami nitakupima mara tatu. Kila swali langu moja lina kipimo chake kimoja. Ukijibu kweli, tunaendelea.

Kipimo cha kwanza hiki hapa, nakutangulizia. Sahani yenye uzi mwekundu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Sahani nyingine: ya tano, ya sita, ya saba, ya nane.

Swali la kwanza: siku ile, ulimwambia Baba karatasi ni ya nani?

Kuhusu ya saba, sijui. Baba alilifunga kopo la sarafu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa siku ile ile. Liko juu ya rafu, nyuma ya makopo ya rangi. Ninapima vitu vya watu kutwa nzima, lakini hicho sijakipima.

Dada yako,
Mshale


14 Machi

Dada,

Wewe hubadiliki. Mtu anakuomba maji ya kunywa, wewe unamuuliza kisima alichimba nani.

Swali lako ni la miaka thelathini na moja iliyopita. Nakumbuka joto la chumba kile na harufu ya mafuta ya mashine. Maneno yaliyosemwa siyakumbuki. Mtoto wa miaka kumi na miwili anakumbuka nini?

Mhariri kanipigia tena. Nakuomba vipimo viwili vilivyobaki uvilete kwa pamoja, na ule mpangilio wako wa mwisho unaosema lini sarafu ni nzito na lini ni nyepesi. Hasa huo. Utani wa ndugu tutaufanya nikija.

Profesa


17 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeiweka kwenye mizani. Haikupanda, haikushuka. Mtu anayekumbuka harufu ya mafuta anakumbuka na maneno.

Naambatisha stempu, nisije nikaambiwa nilikunyima nauli ya kusema kweli.

Mshale


23 Machi

Dada,

Nilikuja juzi. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikakuona mlangoni umeinamia mizani ya duka, unaitukana kama mtu. Nikajiambia nitavuka gari hili likipita. Likapita. Likapita jingine. Nikarudi stendi.

Nilimwambia.

Niliingia na karatasi yako ndani ya mkono wa shati. Kabla sijagusa sarafu Baba akauliza, "Hicho kinachokwaruza ni nini?" Nikamwambia, "Karatasi ya dada." Nilingoja kofi. Hakunipiga. Akasema, "Itoe basi, uisome vizuri." Nikapima huku naisoma, kidole juu ya mstari, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Nilipotoa jibu, akaichukua ile sarafu akaizungusha vidoleni, muda mrefu, mpaka nikataka kwenda haja. Ndipo akasema, "Sawa." Halafu akasema, "La karatasi libaki humu ndani." Akaniapisha.

Hiyo ndiyo kweli. Miaka yote umenihesabu mwizi, na mimi nimekaa nikihesabiwa, kwa sababu niliyeapishwa ni mimi na aliyeniapisha amekufa. Sijui kama hilo linanipunguzia au linaniongezea. Kupima ni kazi yako.

Mdogo wako


26 Machi

Mdogo wangu,

Fundi viatu alikuona. Alisema mwanamume wa mkoba wa ngozi alisimama kwa muda wa kushona soli mbili, kisha akaondoka kama aliyesahau jiko linawaka. Nikamwambia sikujui.

Barua yako ilinikuta nimefungua mizani ya sonara. Niliisoma, nikafunga mizani, nikabaki na skrubu mbili mkononi. Nikaifungua tena. Wateja watatu walikuja nikawaambia nimefunga, na mlango uko wazi. Nikaenda kwa Mama. Nikamuuliza, "Mama, Baba alijua?" Akasema, "Alijua nini?" Nikasema, "Karatasi." Akageukia ukutani: "Baba yenu ana miaka ishirini na miwili ardhini. Mwacheni." Mtu asiyejua kitu hasemi mwacheni.

Nikashusha kopo. Nikalikata kwa tindo.

Zimo zote kumi na mbili, namba zimechorwa kwa msumari, mwandiko wa Baba uliolala upande. Nikaitoa mizani yake ya kale, nikaifuta, nikaangalia kama sahani tupu zinalingana. Zinalingana. Nikazipima, dada yako, mara ya kwanza maishani mwangu. Ile karatasi yangu haijawahi kupimwa na mkono wangu, unalijua hilo? Niliitoa kichwani, haikuwahi kugusa shaba.

Mara ya kwanza sahani ya uzi ikapanda. Mara ya pili zikalingana. Mara ya tatu sahani ya uzi ikashuka. Sikuhitaji karatasi, mpangilio wote ninao mpaka leo. Ya saba. Ukingo wake umelika kidogo, na ndani yake inang'aa risasi. Risasi iliyovikwa shaba.

Ya saba ni nzito.

Kipimo cha pili nakupa kwa jibu lako la kwanza. Sahani ya uzi: ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi. Sahani nyingine: ya tatu, ya nne, ya tisa, ya kumi na moja.

Swali la pili: lile neno ambalo sikulisikia mlangoni, lilikuwa nini? Ulimwambia nini Baba? Andika kama ulivyolisema, usilinyooshe.

Mshale


29 Machi

Dada,

Nilisema, "Ya saba, nyepesi."

Nimelisema hivyo katika kila darasa nililofundisha. Wanafunzi wangu wa zamani wakikutana nami sokoni hawasemi shikamoo, wanasema, "Mwalimu, ya saba?" nami najibu, "Nyepesi!" Ndiyo salamu yangu.

Sasa nikwambie lililonifanya nikutafute. Mwaka huu shule imepata mizani ya maabara. Kila mara fumbo hili nililifundisha ubaoni. Mizani halisi sikuwahi kuigusa tangu kwa Baba. Nikasema leo watoto waone kwa macho. Yupo msichana wa dawati la mbele, haachi kitu kipite. Nikampa sarafu kumi na mbili, nikageuka ukutani, akabandika nta chini ya moja, au akakwangua moja, apendavyo. Nikapima. Nikasema, "Ya tatu, nyepesi." Akasema, "Ya tatu ndiyo, mwalimu. Ila ni nzito." Nikarudia. "Ya kumi, nzito." Akasema, "Ya kumi ndiyo, mwalimu. Ila hiyo nimeikwangua." Mara nane, dada. Sarafu sahihi mara nane, hukumu kinyume mara nane. Mwishowe darasa zima likawa linanijibia kwa pamoja, "Ila!"

Nikadhani karatasi yako ina kosa. Kisha nikajiuliza, kama karatasi ina kosa, Baba alisemaje "Sawa"? Tangu siku hiyo situlii. Nafundisha nikizunguka darasa, wananiambia, "Mwalimu, kaa basi."

Na karatasi haikupotea. Nimekaa nayo miaka yote ndani ya jalada la cheti changu. Ni hii hapa, narudisha. Mwenyewe tazama kosa liko wapi.

Mhariri nimemwambia asubiri. Kasema wiki mbili.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Kwa hiyo uliniomba kitu ulichokuwa nacho kabatini, ukaniambia kimepotea. Hilo nimeliweka pembeni, tutalirudia.

Karatasi imefika. Sikuweza kuifungua ofisini kwangu. Fundi viatu ana shingo ndefu. Nikaenda uani, nikaikunjua juu ya pipa. Wino umekuwa wa kahawia. Mtoto yule alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu wa leo. Alichora mistari kwa rula, mstari mmoja kwa kila jibu, ishirini na nne, na pembeni kachora ua. Sikumbuki kuchora ua.

Hakuna kosa. Nimeipitia mistari yote ishirini na nne. Kosa ni la msomaji.

Wewe uliposoma N ulisoma nini? Najua ulichosoma. Ulisoma "nzito", na S ukaifanya "si nzito". Tazama tena. Nzito inaanza na N. Nyepesi nayo inaanza na N. Ningewezaje kuzitumia? Kwa hiyo niliandika kwa lugha ya karakana. Baba hakusema sahani imeshuka, alisema imeshiba. Iliyopanda alisema ina njaa. "Mshale, nani kashiba hapo? Nani ana njaa?" S ni shiba, N ni njaa. Mtoto yeyote aliyefagia chumba kile alilijua hilo. Wewe hukuwahi kufagia. Ulikuwa na kifua.

Mstari wa ya saba ni huu: N, sawa, S, nzito. Yaani sahani ya uzi ina njaa, kisha zinalingana, kisha imeshiba. Wewe uliona hivyo hivyo kwa macho yako, ila kwenye karatasi ukayasoma kinyume: S, sawa, N. Na mstari huo nao upo: ya saba, nyepesi. Ukigeuza kila kitu juu chini, sarafu inabaki ile ile, hukumu ndiyo inayogeuka. Mwambie hivyo msichana wako. Mwambie na ila yake ilikuwa halali.

Kipimo cha tatu, na deni langu kwako limekwisha. Sahani ya uzi: ya tatu, ya tano, ya saba, ya kumi na mbili. Sahani nyingine: ya kwanza, ya sita, ya tisa, ya kumi.

Sasa kaa chini, kama darasani mwako kuna kiti. Sarafu ile Baba aliikamata mwenyewe dukani, akaitenga mwenyewe, akaichora saba kwa msumari wake. Alijua ina tumbo la risasi. Ulipomwambia nyepesi alikuwa nayo vidoleni. Na akasema sawa.

Hukushinda, mdogo wangu. Hata kwa karatasi yangu hukushinda. Na mimi niliyesimama mlangoni sikuwa na nafasi tangu mwanzo, ningeijua nisingeijua.

Swali la tatu ni neno moja, na sijui kama unalo jibu. Kwa nini?

Mshale


6 Aprili

Dada,

Jibu ninalo. Nilikuwa nalo muda wote, ila sikujua ni jibu.

Siku ninaondoka kwenda shule, Baba alinisindikiza stendi. Wewe ulibaki karakanani, ulikataa kuniaga. Alishika tiketi yangu, akaitazama, akaniuliza, "Wanasema gari linaondoka saa ngapi?" Nikamsomea. Tiketi alikuwa ameishika juu chini. Nikacheka, nikamgeuzia. Hakucheka.

Nilipopanda akaja dirishani. Akasema, "Wewe nenda kasome vitabu. Mshale huuwezi." Nikadhani ananitania kwa kuwa nimekushinda wewe, Mshale mwenyewe. Nilikwenda nikitabasamu njia nzima. Hata nikalisimulia bwenini: Baba kasema Mshale simuwezi, na nimemweza.

Sasa naelewa alikuwa anasema juu ya mshale wa mizani. Alinipa mtihani, akaona nimeusoma kinyume. Na nani angebaki kumsomea mshale asiouona? Alihitaji asiyekosea. Asiyekosea akamweka nyumbani, aliyekosea akamlipia ada.

Dada, kuna na hili. Ile sura nimeitoa kitabuni. Nimeshika kalamu kuandika jina lako nikaona nalo ni kama kukulipa kwa sarafu ya kuchora. Sema wewe unataka nini.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea Mama, yote, kwa sauti. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye tiketi akaacha.

Akasema, "Baba yenu aliacha kusoma gazeti ulipokuwa na miaka kumi na mmoja. Aliona ukungu. Mkaguzi wa vipimo angejua, angemnyang'anya leseni, na sote tungelala njaa." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungekubali kubaki?" Nikasema, "Ningekubali, Mama. Ningeulizwa, ningekubali." Akanitazama. "Ndiyo," akasema, "hilo ndilo aliloliogopa. Angekuomba, angekuwa na deni." Akarudi kwenye mchele wake.

Nimepiga hesabu, unanijua. Tangu siku ile hadi alipokufa ni miaka tisa. Mizani kumi kwa siku, siku sita kwa wiki. Elfu ishirini na nane na ushee. Mara hizo zote aliniuliza, "Mshale, nani kashiba?" na mara hizo zote nilidhani ananifundisha. Nilikuwa nikijibu kwa hasira, ili ajue alichokipoteza. Kumbe alikuwa anajua, kwa sababu alikuwa hajakipoteza.

Wiki hii sijaweza kukaa. Nimepaka rangi mlango. Nimepanga mawe ya mizani kwa ukubwa, nikayapangua. Nikienda kaburini kwake sina la kumwambia, nikirudi nina mengi. Mtu ukimkasirikia kwa jambo moja miaka thelathini na moja, kisha ukaambiwa jambo ni jingine, ile hasira unaiweka wapi? Haina sahani ya kuingia.

Unauliza nataka nini. Sura irudishe. Iandike hivi: jibu lilitolewa na Mshale, fundi mizani, akiwa na miaka kumi na minne. Jina la cheti sihitaji, sina cheti. Na andika shiba na njaa kwa kirefu, watoto wa watu wasije wakasoma chali. Hadithi yako ya "nyepesi" iandike pia. Usijipunguzie, usijiongezee.

Sijakusamehe. Nimekupima tu. Uongo wa karatasi kabatini bado uko mezani kwangu, na nafasi yake naijua.

Kwenye kifurushi hiki umo mzigo wa sarafu kumi na moja. Zihesabu. Ya saba nimeibakiza huku. Anayetaka kujua imezidi au imepungua, aje aipime mwenyewe. Rangi ya mlango imeshakauka, na fundi viatu anasema safari hii ukisimama ng'ambo atakuvusha kwa nyundo.

Njoo na yule msichana wa dawati la mbele. Nataka nimwone anavyosoma mshale.

Mshale